Kijiko cha Mgeni

Desanka alikuwa akipima mkate wa mumewe, Radisav, kwa mizani. Nusu ya sahani kabichi na nyanya, robo maharage au samaki, robo mkate: ndivyo alivyomchorea muuguzi wa zahanati baada ya Radisav kukatwa vidole viwili vya mguu. Daktari naye akaongeza lake: sukari isiposhuka kabla ya plamu kuiva, wataukata mguu wenyewe. Miezi mitatu Desanka alipima kila tonge, na kila wiki kipimo cha sukari kilirudi palepale, kumi na saba. Alikaribia kurukwa na akili.

Ijumaa Radisav, tarishi wa posta, alirudi kula chakula cha mchana, mkoba wa barua begani.

"Nini hicho kwenye sharubu?"

"Jasho."

Desanka akaligusa kwa kidole, akalamba. "Jasho la cheri?"

"Kijiko kimoja tu, mke wangu. Mtu anakuletea slatko na glasi ya maji mpaka mlangoni, utakataaje? Ukikataa umemtukana."

"Nyumba ngapi?"

Radisav akatazama sahani yake.

"Ngapi, Radisav!"

"Leo kumi na mbili."

Vijiko kumi na viwili vya slatko, matunda yaliyochemshwa kwa sukari mpaka yakawa gundi! Na yeye huku anakata mkate kama anayekata dhahabu! Damu ikamchemka. Akanyakua mpini wa jembe akatoka.

Nyumba ya kwanza alivunja machupa manne ya slatko kabla mwenye nyumba hajapata sauti ya kupiga yowe. Ya pili alivunja saba, na dirisha. Ya tatu ilikuwa ya Vukosava, mjane, aliyekuwa uani akikoroga sufuria yake. Desanka akaipiga teke. Cheri za moto zikamwagikia Vukosava mguuni, naye akamrukia, akamshika nywele, akamtwanga mwiko usoni. Wakaanguka matopeni, wakaumana, wakararuana.

"Unamuua mume wangu, mchawi wewe!"

"Mimi?" Vukosava akacheka, meno yote damu. "Miloje wangu alikuja kwako kucheza sataranji kila jioni, miaka sita. Ulikuwa ukimpa nini?"

Desanka akageuza uso.

"Nikakwambia anaumwa sukari. Ukasema, 'Kijiko kimoja tu, shoga, hakiui.' Nyani haoni kundule! Miguu yake yote miwili ilitangulia kaburini, ndipo naye akaifuata."

Mkono wa Desanka ukaachia. Aliinuka akaenda nyumbani, damu ikimchuruzika hadi kidevuni.

Radisav alipomwona na ule mpini alijifunika kichwa kwa mikono. Mkewe akampita. Akafungua kabati lake mwenyewe, machupa ishirini na matatu, akayapiga moja moja mpaka vioo vikamkata viganja na sakafu ikanata.

Siku ya pili Vukosava akabisha hodi, mguu umefungwa bendeji. Desanka akamletea sinia kama ilivyo desturi. Juu yake ilikuwa glasi ya maji tu.

Vukosava akaichukua glasi. Akayanywa yote, akairudisha glasi mahali pake, kisha akamzaba kofi lililomrudisha ukutani.

"Hilo la Miloje," akasema, akavuta kiti akaketi.

Desanka hakulirudisha.