Posa kwenye Hoteli ya Shekue

Kiilu aliniletea ujumbe kwamba ukoo wao umekubali binti yangu aposwe, na mbuzi wa mahari niliowataja tungewazungumza tukikutana, ila kuna jambo moja. Mkamburi aache kazi ya hotelini. Hawakutaka mke wa kijana wao ashinde akichokonoa wadudu wa baharini.

Kiilu alikuwa baba mdogo wa Muli, kijana wa Kikamba aliyekuwa akichochea moto kwenye injini za gari la moshi hapa Voi. Baba yake Muli alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la ukoo lilikuwa mdomoni mwa Kiilu.

Nilimwuliza Mkamburi mwenyewe. Alianza kwa Shekue, mwenye hoteli, akiosha sahani, na mwaka huo wa 1957 ndiye aliyekuwa ameshika jiko lote.

"Baba," akasema, "kama ni lazima nitolewe jikoni ndipo niolewe, afadhali nizeekee kwako."

Basi nikamjibu Kiilu: njooni Jumamosi, lakini sitachinja mbuzi nyumbani kwangu Sagalla. Mtakula kwa Shekue, tena mtakula alichopika binti yangu. Kwetu na kwao jambo hili ni moja: mgeni wa posa asipoonja chakula cha upande wa msichana, mazungumzo hayaanzi.

Kaka yangu Obadiah alishika kichwa. "Crispus, unataka kumwoza mtoto au kutangaza vita?"

"Vyote viwili, ikibidi."

Shekue alikuwa mtu wa Lamu. Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya stesheni, meza tano, na hakukuwa na mtu Voi aliyehitaji kuonyeshwa njia. Gari la Mombasa lilimletea samaki ndani ya masanduku ya barafu, na chaza ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Madereva wa treni, makarani, vibarua wa mkonge na wasafiri waliongoja gari la Taveta walikula pale bega kwa bega. Wengi wetu watu wa milimani tulikua tukiambiwa samaki ni ndugu wa nyoka. Mimi chaza wa kwanza nilimla kwa ubishi. Wa pili nilimla kwa sababu wa kwanza alikuwa mtamu na niliona haya kusema.

Jumamosi walikuja watatu. Kiilu alivaa koti zito juani na kushika fimbo. Muli alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Ndeti, mama yake Muli, aliwekwa mwisho wa benchi karibu na mlango. Mke wangu alibaki Sagalla, maana mama mkwe na mkwewe hawali meza moja. Upande wetu tulikuwa mimi na Obadiah tu.

Mkamburi alileta sinia mwenyewe. Chaza walikuwa wazi juu ya magamba yao, na pembeni kulikuwa na ndimu na pilipili. Kiilu aliinama akatazama kwa karibu.

"Kinatikisika hiki," akasema. "Kiko hai?"

"Yuko hai, baba. Kabla sijamfungua namgonga na mpini wa kisu. Asiyejifunga amekufa, namtupa."

"Mnatulisha vitu vyenye uhai!" Kiilu alinigeukia. "Mkwe, hiki hakina shingo. Kisicho na shingo hakichinjwi, na kisichochinjwa hakiliwi."

"Na kumbikumbi?" nikamwuliza. "Mvua ikinyesha kwenu Kibwezi mnawachinja mmoja mmoja?"

Madereva kwenye meza ya jirani waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, na yai je? Tuonyeshe shingo ya yai!"

Kiilu hakucheka. "Sikuja kufanyiwa mzaha. Chakula hiki hatuli, na kazi hii ataiacha. Muli, simama twende."

Muli hakusimama. Alimtazama Mkamburi.

"Usiniangalie mimi," Mkamburi akamwambia. "Mimi nimeshapika."

Kijana akachukua chaza mmoja, akafumba macho, akamimina mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu kama mtu anayetafuna kamba ya kiatu.

"Mmeze, bwana!" dereva akapiga kelele. "Utamtafuna mpaka Jumatatu?"

Muli akameza. "Ana chumvi," akasema, akachukua wa pili.

"Huyo ndiye ameolewa!" dereva akasema, na hoteli nzima ikacheka.

Kiilu aliokota fimbo yake. "Haya. Zungumzeni bila mimi. Tutaona nani atausemea ukoo." Akatoka bila kugeuka.

Kicheko kikaisha. Kiilu alijua alipopiga. Posa isiyo na msemaji wa ukoo si posa, na kijana hajisemei mwenyewe. Mkamburi alikuwa amesimama pale na kisu chake kifupi mkononi. Obadiah alianza kutafuta kofia yake.

Hapo Ndeti akainuka mwisho wa benchi. Tangu asubuhi hakuwa ametamka neno zaidi ya salamu. Alikuja akakaa kwenye kiti cha Kiilu, akakamua ndimu juu ya chaza, akammeza mara moja.

"Sikumpenda," akasema. "Nipe mwingine."

Alipommeza huyo akaniangalia usoni. "Muli nilimzaa mimi. Baba yake alipokufa nilimlea kwa kuuza vyondo nilivyosuka, pale stesheni ya Kibwezi, na huyo aliyetoka sasa hivi hakuninunulia hata chumvi. Nilifanya kazi, sikuambiwa niache. Mimi nitausemea ukoo."

Obadiah alininong'oneza kwa Kisagalla, lugha yetu, "Posa haizungumzwi na mwanamke. Wazee hawataikubali. Tutachekwa mpaka Mata kule Taveta."

Nitasema ukweli. Nilikuja pale nimetunisha kifua, lakini jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja maishani. Kumlisha mtu chaza kwa nguvu ni rahisi. Ningeweza kukataa, na hakuna mzee Sagalla angenilaumu. Nikamtazama Mkamburi. Hakuwa akimtazama Ndeti wala Muli. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umeanza kujifunga.

"Wacheke," nikamwambia Obadiah. "Keti."

Alikaa, kofia magotini. Nikavuta kiti changu mpaka kikamkabili yule mama.

"Haya, Mama Muli. Anza."

"La kwanza," Ndeti akasema, akivuta sinia karibu, "binti haachi kazi. Hilo tusilirudie. La pili, mbuzi mliowataja ni wengi mno."

"Wengi?" Niliruka kutoka kitini. "Binti huyu, mbuzi hao ni wengi?"

"Kaa chini, mkwe," akasema. "Bado nakula."