Chumba cha Korosho

Sabina aliamini amefanya jambo la maana. Asubuhi mapema, Regina akiwa bado amelala, aliwaita watu wa mkokoteni wakabeba magunia yote ya korosho kutoka chumba cha uani hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kisha akafagia, akapiga deki, akamshukuru Mungu. Mwezi mzima binti yake alikuwa anarekodi albamu humo, amebanwa na magunia, kinanda juu ya ndoo, mashine ya kupiga ngoma juu ya kinu kilichofunikwa. Leo angalau angenyoosha miguu.

"Mama!" Regina alisimama mlangoni kajishika kichwa. "Magunia yako wapi?"

"Yanasubiri mnada. Karibu, chumba cheupe!"

Regina akapiga kofi moja. Chumba kikajibu: paa, paa, paa.

Kurwa, fundi simu wa Masasi aliyekuwa akimpigia gitaa, alifika papo hapo. "Shikamoo, Mama Regina."

"Marahaba, mwanangu."

Kurwa akaimba mstari mmoja kwenye maiki, akajisikiliza, akacheka. "Mama, mbona umetuhamishia ndani ya pipa?"

Ndipo Sabina akaelewa kwamba magunia yale ndiyo yaliyokuwa yanameza mwangwi, na yakishapokelewa ghalani hayatoki hadi mnada. Nyimbo zote zilikwisha isipokuwa ule wa kufungia albamu, na kinanda kilikuwa cha kanisa. Kesho Askofu anakuja Newala kwa Kipaimara. Jioni hii kinanda lazima kirudi.

Regina hakufoka. Alianza kuchomoa waya, mmoja mmoja. Hilo lilimchoma Sabina zaidi, maana mtoto huyu akikasirika hupiga kelele. Akinyamaza ujue amekata tamaa.

Sabina alisali kimoyomoyo, macho kwenye kuta. Akakumbuka kanisani: akifagia peke yake, hata kikohozi humrudia. Jumapili watu wakijaa, sauti hutulia.

"Usichomoe," akasema. "Akina mama wa Umoja wa kanisani wanakuja kusali kwangu saa kumi."

"Mama, wimbo huu hauna kwaya."

"Nani kasema wataimba? Watasimama."

Walipofika, aliwarudisha kila mmoja akachukue blanketi, yale mazito ya baridi ya Juni. Sasa ilikuwa Oktoba. Wakajipanga ukutani, wamejifunika hadi mabegani, jasho likiwatiririka.

"Sabina, unatusalisha au unatuchemsha?" aliuliza Mama Yoeli.

"Vyote viwili. Sikilizeni: hakuna kukohoa, hakuna vigelegele, hakuna Bwana asifiwe. Hasa wewe, Mama Yoeli."

"Mimi tena!"

"Wewe hasa."

Kurwa akapiga kofi. Chumba kikanyamaza kimya. "Magunia haya yanasengenya," akasema, "lakini yanafaa."

Mashine ikaanza kudunda taratibu, kinanda kikaingia chini yake, kisha gitaa. Regina akaimba habari za kijana wa Masasi aliyepandisha mlima wa Newala kwa baiskeli kwenda kuposa, kuku wa zawadi akamtoroka njiani, akafika ukweni na manyoya tu mkononi. Sabina akashika ukuta. Kisa hicho cha kuposwa kwake alikuwa amekisimulia mara moja tu, wakimenya muhogo, mwaka ule walipomzika baba yake Regina.

Gitaa likabaki na sauti moja, ikipungua, ikipungua. Mama Yoeli aling'ata pindo la blanketi.

"Amina," akasema Sabina.

Vichwa vyote vikamgeukia. Mama Yoeli akaangua kicheko hadi blanketi likamdondoka.

"Ifute, mwanangu," Sabina alisema, uso kaufunika kwa kanga. "Kwani haifutiki?"

Regina akarudisha nyuma, akasikiliza, macho kayafumba. Akarudia tena.

"Inafutika," akasema. "Lakini siifuti."

Uani Dastani, mhudumu wa kanisa, alikuwa anapiga hodi, amefuata kinanda.

"Subiri kidogo, baba!" Mama Yoeli akamjibu. "Bado tunamsikiliza aliyetukataza kusema!"