Kinasa Sauti cha Mama Akuch

Mwaka 1999, Mawien alimleta mama yake, Akuch, kutoka kambi ya Kakuma hadi duka la Njenga mjini Lodwar. Mama huyo hakuwa akiona, lakini ndiye aliyetunga nyimbo nyingi za kanisani kwao. Nyingine zilimjia akiwa peke yake nyumbani, zikapotea kabla mtu hajarudi.

Njenga aliweka mezani vinasa sauti viwili vya dijitali.

"Hii kubwa ndiyo bora," alisema. "Iko na kila kitu."

Mawien alikwisha kuipenda. Mama akapapasa vitufe vyake, akasita.

"Hivi vyote ni vya nini?"

Akashika kile kidogo. Kitufe cha kurekodi kilikuwa kimeinuka, peke yake ubavuni. Akakibonyeza bila kuuliza, akaimba.

Njenga alipomchezea sauti yake, Mama alishika mdomo.

"Huyo ni mimi? Mbona nimezeeka hivyo?"

"Umezeeka, Mama," Mawien alicheka, "lakini hujakosea hata neno."

Wakachukua kidogo. Siku chache baadaye Mawien alirudi na maji, akakuta mlango umefungwa.

"Ngoja huko nje," Mama aliita. "Wimbo haujaisha."

Mawien akatua mtungi, akaketi kivulini.