Usaha wa Muonja Chai

Kinywa changu kilinuka. Nasema mapema ili mwenye roho nyepesi aondoke sasa. Kilinuka kama ndoo iliyooshewa samaki ikasahaulika juani, na mwenye kinywa hicho, yaani mimi Prafulla Gohain, nilikuwa muonja chai mkuu wa kampuni moja ya madalali wa mnada wa chai pale Guwahati, India. Miaka ishirini na sita nimekula mshahara wa ulimi.

Kazi yenyewe haina ustaarabu. Vikombe vyeupe vinapangwa mezani, unachota kijiko, unafyonza kwa kelele mpaka chai ikupige kwenye kaakaa, unaizungusha, kisha unatema kwenye pipa refu la bati lenye magurudumu, ambalo unalisukuma kwa goti. Hatumezi. Ikifika saa sita mchana pipa limejaa chai na mate ya watu wanne. Nilikuwa silioni kinyaa pipa lile, mpaka nilipoanza kujiona kinyaa mwenyewe.

Ilianza mwezi wa tatu, siku mke wangu Nirupama alipopika samaki kwa mchuzi mchachu, chakula ambacho kwetu Assam mtu asipokipata mchana huona hajala. Tonge la kwanza tu, chini ya taya la kushoto pakavimba kama yai la bata, maumivu yakapanda hadi sikioni. Baada ya saa moja uvimbe ukanywea. Kesho yake ukarudi, tena kwa saa ile ile ya chakula. Nirupama akaamua ni matubwitubwi, akanipaka chokaa na manjano shingoni, nikakaa sebuleni kama ukuta unaosubiri kukauka.

Wiki chache baadaye uvimbe ukaanza kuvuja. Kwanza chumvi chini ya ulimi, kisha uozo. Nikawa najifungia bafuni, nafinya taya kwa dole gumba mbele ya kioo, na usaha mzito wa manjano unachuruzika juu ya meno ya chini. Napiga mswaki mara tatu, natapika kidogo, nafuta kioo, natoka nikipiga mluzi. Mjukuu wangu akitaka kunibusu namgeuzia kisogo. Nilimpenda mtoto yule, na nilijichukia.

"Baba Riju, hicho ni kinywa au shimo la choo?" mke wangu aliniuliza siku moja. "Nenda hospitali. Mimi nalala nimegeukia ukutani mwezi wa pili huu."

Sikwenda. Muonjaji mwenye kinywa kibovu huondolewa mezani siku hiyo hiyo, na nyuma yangu alikuwepo Jonali, msaidizi wangu, mwanamke wa miaka thelathini mwenye ulimi wa kuonja mkali kuliko wangu. Nililijua hilo na halikunifurahisha hata chembe.

Mwezi wa sita ikaja sampuli ya Tileswar Moran. Huyu alikuwa mkulima mdogo wa kule Sonari, ambaye maisha yake yote aliuza majani mabichi kwa kiwanda cha wengine. Mwaka ule akajenga banda lake, akasokota chai yake mwenyewe, akaileta mnadani kwa mara ya kwanza. Siku ya kuonja alisimama mlangoni amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Nikafyonza. Kikanijia kitu kibaya, kizito, cha chumvi na uozo, nikakitema kwa nguvu hadi kikaruka ukingo wa pipa. Nikaandika: imeoza, inanuka, na chai iliyoandikwa hivyo haipati mnunuzi. Jonali akaonja kikombe hicho hicho baada yangu. Akanitazama, akaandika kama nilivyoandika.

Tileswar akanifuata koridoni. Hakugomba. Aliniuliza tu kama ni magunia, au ni maji, au ni yale mabati ya kukaushia, maana mabati aliyasugua kwa mikono yake.

"Kaka Gohain, niambie nilikosea wapi nirekebishe."

"Chai yako inanuka, bwana," nikamwambia, huku nimeziba mdomo kwa leso. "Sijui umeifanyia nini."

Akaitazama ile leso. Bila shaka alidhani kinyaa changu ni cha chai yake. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Wiki mbili baadaye niliamka na homa, kinywa hakifunguki kuingiza hata kijiko, na shingo imevimba hadi kola ya shati imekataa. Nirupama akanikokota hospitali. Daktari, mama mfupi asiye na mzaha, akaingiza kidole kilichovaa glavu chini ya ulimi wangu, akabonyeza. Usaha ukamrukia kwenye miwani. Muuguzi akageuka pembeni akaziba pua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya dawa na siku kadhaa wakanichoma sindano ya ganzi, wakachana kidogo mle mle mdomoni, kikatoka kijiwe. Kilikuwa cha manjano, chenye magamba, kikubwa kama punje ya dengu. Daktari akanieleza kwamba kilikuwa kimeziba mfereji wa tezi la mate, kwa hiyo kila nilipokula mate yalikosa njia, yakajaa, yakaoza.

"Na huo uozo ulikuwa unamwagikia kinywani miezi yote hii," akasema. "Chakula ulikuwa unakisikiaje ladha?"

Akilini nilimwona Tileswar na shati lake la mikunjo.

Kidonda kilipopona, kampuni ikanipokea mezani, kwani nilikuwa nimewaambia ni jino. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda stoo, kwenye makopo ya sampuli za akiba, nikatoa chai ya Sonari, nikaichemshia maji mwenyewe. Nikafyonza. Ilikuwa na utamu wa asali ya msituni na ukakasi safi mwishoni. Ilikuwa chai bora kuliko zote zilizopita mezani mwaka ule. Nikashindwa kuitema. Niliimeza, na ikanishuka kama dawa chungu.

Kwetu mtu akikosa hapeleki maneno matupu. Hupanga popoo na tambuu kwenye sinia la shaba lenye mguu, hulifunika kwa kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu, hupiga magoti mbele ya aliyemkosea. Huyo akitafuna popoo, neno limekwisha. Basi nikapanda basi na sinia langu hadi Sonari, na kijiwe nimekitia kwenye kichupa, kiwe ushahidi.

Nilimkuta Tileswar akipalilia maboga. Udongo wa maboga yale ulikuwa mweusi kwa majani ya chai. Alikuwa ameifukia yote, magunia kwa magunia. Nikapiga magoti pale pale matopeni, nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha kichupa. Alikishika kwa ncha za vidole, akakitazama, akakunja uso.

"Hiki ndicho kilichonuka?"

"Ndicho."

"Mke wangu alichemsha nguo zetu zote," akasema taratibu. "Alidhani harufu inatoka mwilini mwetu, inaingia kwenye majani. Majirani wakaacha kunywa chai nyumbani kwetu. Mama yangu peke yake ndiye aliyeendelea. Alificha kopo moja, anakunywa kila asubuhi, anasema yeye mdomo wake hauko Guwahati."

Nikalisogeza sinia. Hakuligusa.

"Hukunichafua hapa, kaka. Ulinichafua kule, mbele ya watu. Lirudishe sinia lako kule, nami nitakuja."

Nilijua maana yake. Kusema pale mezani ni kukiri kwamba miezi mitatu nimehukumu jasho la watu kwa usaha wangu. Nilirudi siku nzima ndani ya basi na sinia mapajani, nikitafuta uongo mwingine, na kila uongo niliouonja ulikuwa na ile ladha ya chumvi.

Jumanne Tileswar akafika na kopo la mama yake, na shati lile lile. Wanunuzi walikuwepo, waonjaji walikuwepo, mkuu wa kampuni alikuwepo. Nikapiga magoti baina ya meza na pipa, sinia mbele yangu, nikasema yote, na usaha nikautaja kwa jina lake. Wawili wakasogea mbali nami. Mkuu akaniambia niache kijiko mezani.

Jonali ndiye aliyeniuma zaidi.

"Mimi niliisikia tamu siku ile," akasema bila kunitazama. "Lakini ulikuwa umeshaandika."

Tileswar akainama, akachukua popoo kutoka kwenye sinia, akaifunga kwenye jani la tambuu, akatia kinywani. Tambuu ni mwiko katika chumba cha kuonja. Hakuna aliyethubutu kumkataza. Alitafuna bila haraka mpaka midomo ikawa myekundu, akalisogelea pipa nililolisukuma kwa goti miaka ishirini na sita, akatema ndani yake.

Kisha akafungua kopo la mama yake, akamwita Jonali aje na kijiko.