Jirani Anasikia

Nilikuwa nalowesha ulimi wa Jirani kwa pamba wakati kijana wa mwenye mbwa alipomwita mzoga.

Mpaka leo nikilikumbuka neno lile nasaga meno. Jirani alikuwa mbwa mwekundu, mkubwa, sikio moja limeraruka. Aliitwa hivyo kwa sababu alivuka kutoka kwa jirani kuomba mfupa, asirudi tena. Aligongwa na nyoka uani kwa huyo mwenye mbwa, mama mmoja ambaye miguu ilimkatalia kutoka. Sumu ikamlegeza misuli yote, hadi ya kifua, ndipo daktari akampitishia mrija kooni na mashine ikawa inampumulia.

Mimi muuguzi wa wanyama nilimgeuza ubavu, nikamvuta makohozi, nikampaka dawa machoni maana hata kupepesa hawezi. Na nikampigia soga. Nilimsimulia habari zote za aliyekuwa mume wangu. Hakunikatiza hata mara moja, jambo lililomshinda yule mume.

"Daktari, zima," kijana akasema, akizungusha funguo za gari kidoleni. "Nimechoka kutumwa kila siku kuja kutazama mzoga unaotiwa upepo. Mama mwenyewe kasema basi."

"Kaka, punguza sauti. Anasikia."

"Nani?"

"Jirani. Sumu imemfunga mwili, haikumziba masikio."

Akacheka. Nimechekwa na wengi, na mara nyingi nimecheka nao. Siku ile damu ilinichemka. Nikamgeukia daktari: mkono wake ulishafika karibu na swichi. Mtu mpole, hapendi ugomvi. Upole mwingine ni uoga uliovaa koti jeupe.

"Ngoja nimsikie mama mwenyewe," nikasema, nikitoa simu.

"Dada, unaniita mwongo?"

"Bado."

Nikapiga, nikaweka spika. "Shikamoo mama. Tuzime mashine?"

"Marahaba... mzime? Nani kasema?" Kijana akatazama viatu vyake. "Mwanangu yupo hapo, eti? Haya. Niweke sikioni kwa Jirani."

Nikaisogeza simu kwenye lile sikio lililoraruka.

"Jirani! Njoo ule, baba!"

Hakutikisika hata unywele. Lakini kwenye kioo cha mashine mapigo ya moyo yakapanda, yakaenda mbio kama miguu inayokimbilia bakuli.

Daktari akautia mkono wake mfukoni.

Siku chache baadaye mashine ilipiga kelele chumba kizima: Jirani alikuwa anavuta pumzi yake mwenyewe, anagombana nayo. Nilimwambia agombane zaidi.

Siku ya kuruhusiwa alitoka akiyumba kama mlevi. Kijana alisimama mlangoni, sauti imejaa asali. "Jirani, njoo mzee wangu, twende nyumbani."

Jirani akaisikiliza sauti ile. Kisha akalala chini, kidevu sakafuni.

Nikamkabidhi kijana kamba.

"Mbebe," nikamwambia. "Na njia nzima chunga mdomo wako."