Viini Mezani kwa Mama

Daktari Mutheu alipanda ngazi za ploti yao ya mtaa wa Tena mbio mbio, bahasha ya picha kifuani. Maisha yake ya maabara yote alikuwa ameifukuzia protini moja, ile inayoshikilia ukuta wa kiini cha seli. Ikiharibika, kiini hukunjamana na misuli ya mtu hulegea. Kaka yake Kyule, aliyekuwa dereva wa lori Industrial Area, alikuwa na ugonjwa huo, na sasa alikuwa akishushwa ngazi hizo mgongoni mwa majirani.

Picha zilikuwa za seli zilizooteshwa kutoka ngozi ya Kyule. Nusu zilitiwa dawa waliyokuwa wakiijaribu, nusu hazikutiwa, na mwenzake wa maabara Leyla pekee ndiye aliyejua zipi ni zipi, kwa namba alizoziandika nyuma ya picha. Mutheu hakujiamini kuzichagua mwenyewe. Ukipenda, chongo huita kengeza. Akamwomba Kyule azipange mezani, viini vya mviringo huku, vilivyokunjamana kule, bila kumwambia ni vya nani.

Kyule alichangamka kama mcheza karata. Akainua picha ya kimoja kilichojikunja vibaya kama mtu mwenye njaa, akamtania dada yake. "Huyu msee hata chai hajapewa, siz."

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Walipogeukia meza, rundo la wabaya, wale waliokunjamana, lilikuwa limekwisha. Mama yao, Nthoki, mama wa kanisa hasa, alikuwa amezihamishia picha zote kwa wazuri huku akiziombea, maana hakuweza kuvumilia kuona wengine wametengwa. Mutheu alitaka kulia, akajikuta anacheka zaidi. Kyule akaanza upya, na Mama akapewa mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi achambue, mikono ipate shughuli.

Mutheu akampigia Leyla, akamsomea namba zilizo nyuma ya picha za viini vya mviringo. Leyla akazilinganisha na orodha yake, kisha akapiga kigelegele. Karibu zote zilikuwa za seli zilizotiwa dawa.

"Ni wewe, Kyule," Mutheu akasema. "Zote hizi ni ngozi yako."

Akaongeza haraka kwamba hayo yalikuwa ya kisahani cha maabara tu, na kabla dawa haijafika kwa mtu kulikuwa na safari ndefu. Kyule aliitafuta picha ya yule aliyenyimwa chai, akaitazama, akaiweka katikati ya wale wa mviringo.

"Mum alikuwa right," akasema. "Wacha akae na wenzake. Si pia huyu ni mimi?"