Robo ya Mama Felisa

Kisiwa chetu cha Panubigan ni kidogo hivi kwamba jogoo akiwika upande huu, wa upande wa pili humjibu kwa matusi. Intaneti yetu yote hutoka bara kupitia mnara mmoja wa kilimani, na nywila za mnara huo alikuwa nazo Tikyo peke yake.

Tikyo alikuwa fundi mitandao hodari, ila roho ya kwa nini alizaliwa nayo. Minda, binti wa Mama Felisa, alimkataa hadharani siku ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, kisha akaenda zake Kuwait kulea watoto wa watu. Tikyo akacheka na wenzake, lakini nyongo ile hakuitema.

Sasa sikiliza. Kwenye ruta, kile kisanduku cha mnarani kinachogawa intaneti, kuna kikomo: sehemu gani ya njia yaweza kushikiwa nafasi mapema. Ni kama viti vya harusini. Wakubwa wawekee, lakini wengine nao wapate pa kukaa. Kwetu kikomo kilikuwa robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa ya wote: wanafunzi, wapenzi na wafiwa.

Mama Felisa akafa kwa figo. Maiti ilikaa nyumbani ikimngoja Minda, lakini tajiri wake akamnyima ruhusa. Ikaamuliwa amuage mama yake kwa simu, pale jeneza linapofunguliwa kanisani kwa mara ya mwisho. Bibi Pacing, dada wa marehemu, akaenda ofisini kwa Tikyo.

"Mwanangu, tushikie kanafasi kadogo tu. Mtoto amwone mama yake."

"Leo Kapteni Bonying anapiganisha majogoo, bibi. Wanaonekana hadi Manila. Majogoo hao wako hai! Dada yako ana haraka ya kwenda wapi?"

"Basi tuachie hata hiyo robo ya wote."

"Hiyo haki yenu, bibi. Nani ataigusa?"

Bibi hajafika hata njiani, Tikyo akaondoa kikomo. Njia nzima, robo ya wote ikiwemo, akawapa majogoo. Akapanda pikipiki kwenda uwanjani kwa Kapteni, mkuu wa kijiji chetu, akapewa kiti cha mbele.

Kanisani jeneza likafunguliwa. Uso wa Minda ukatokea kwenye simu, ukasema "Ma—", ukaganda mdomo wazi. Bibi Pacing akaipiga simu vibao kama mtoto mtoro.

"Tungoje kidogo, Padri. Yuko njiani."

Wakangoja hadi nzi wakaanza kuhudhuria ibada. Padri akajifuta jasho. "Bibi, joto hili halimsubiri mtu." Jeneza likafungwa.

Lakini Tikyo alisahau jambo moja. Ruta ya kisiwani na ya bara huamkiana kila mara: "Upo?" "Nipo." Salamu hizo nazo hupita kwenye robo ya wote. Zilipokosa pa kupita, ruta yetu ikadhani ya bara imekufa, ikakata njia. Majogoo nao wakatoweka kwenye skrini wakiwa hewani, miguu juu.

"Manila wanaona giza!" Kapteni alinguruma. "Jogoo wangu ameshinda gizani!"

Tikyo akabonyeza simu yake hadi vidole vikavimba. Amri zake hazikufika popote, maana nazo zilipita kwenye robo ile ile. Kapteni akamburuta hadi kilimani akimchapa njia nzima na jogoo aliyeshindwa, na nasikia yule jogoo alizinduka mara mbili akaomba apumzishwe. Huko juu Tikyo akachomeka waya kwenye ruta, akarudisha kikomo robo tatu.

Picha ikarudi safi. Makaburini Minda akauliza kwenye simu, "Mama yuko wapi? Nionyesheni mama." Wakamwonyesha koleo la mwisho la udongo.

Kwetu aliyeuawa huwekewa kifaranga juu ya jeneza, amdonoe muuaji moyoni. Bibi Pacing akatafuta kifaranga, akapanda naye kilimani, simu mkononi. Akamkuta Tikyo na manyoya kichwani. Akamweka kifaranga juu ya ruta.

"Kaa hapo, mjukuu wangu. Fanya kazi."

Tikyo akacheka. "Dada yako kafa kwa figo, bibi, hakufa kwa ruta!"

Bibi akamgeuzia simu. Minda akamtazama hadi kicheko kikamkauka Tikyo.

"Msogeze, mama mkubwa. Karibu zaidi." Kisha akasema, "Haya. Nilitaka kuuona uso wa maiti, nimeuona." Akakata.

Neno la mfiwa kwetu halipingwi. Tangu hapo Tikyo akiingia dukani, watu hujifanyia ishara ya msalaba. Mlangoni kwake huwashwa mishumaa. Akiuliza bei ya samaki, muuzaji humwambia jirani, "Masikini, alikuwa anaijua kazi yake."

Jioni hukaa barazani, kifaranga yule, siku hizi jogoo mzima, akimdonoa vidole vya miguu. Kila apitaye, Tikyo humwamkia, "Upo?"

Hakuna anayemjibu.